Chotara wa Mjomba

Pale kituoni gugu lile tulilipa jina la Mjomba. Lilitufikia ndani ya bahasha kutoka benki ya mbegu, punje chache nyembamba zenye manyoya, na mtu asiyejua angezifagia pamoja na vumbi la mezani. Ni ndugu wa ngano, lakini ndugu wa ule upande usioalikwa harusini. Unga wake hautoshi kumshibisha panya, linaota penye mawe, na likikomaa tu suke lake hukatika kiungo kwa kiungo na kujimwaga chini kabla hujageuza shingo. Ila lina jambo moja ambalo ngano zetu zote zilikuwa hazina. Haliugui kutu.

Kutu, kwa asiyelima, ni ugonjwa. Unaanza na vidoa kwenye majani, vidoa vinapasuka na kutoa unga wa rangi ya udongo mwekundu, na unga huo unaruka na upepo hadi shamba la jirani. Dawa zipo, lakini kutu ya siku hizi imezizoea dawa. Bua linanyonywa, punje zinasinyaa, na wakati wa kuvuna unavuna pumba.

Kaka yangu mkubwa alikuwa analima ngano kwenye shamba la marehemu baba, kando ya barabara, si mbali na kituo. Msimu hadi msimu alirudi nyumbani suruali ikiwa nyekundu hadi magotini. Wifi yangu aliifua bila kumuuliza kitu, kwa sababu rangi ya suruali ilikuwa jibu tosha. Mtoto wao mmoja, fundi friji mjini, alikuwa ameshachoka kusubiri. "Baba, imetosha. Njooni mkae kwangu, chumba cha nyuma kiko wazi." Chumba hicho nimekiona. Kina kitanda, feni, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani kwa karibu sana, ukinyoosha mkono unaugusa.

Kaka alinifuata kituoni siku moja, akasimama mlangoni mwa maabara na kofia mkononi kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mdogo wangu, hiyo ngano yenu ya gugu imefikia wapi?"

"Bado kidogo, kaka."

"Kidogo chako nakijua. Ulikuwa unaniambia hivyo hivyo nilipokuwa na nywele." Hakucheka. "Sikiliza. Nina msimu mmoja. Ikikubali, nabaki. Ikikataa, nafunga mlango, naenda kwa mtoto. Mwili nao umechoka kuaibika."

Kwa hiyo ngano yangu, baada ya miaka yote ile ya kibano na hadubini, ilipewa kazi nyingine ambayo haikuandikwa kwenye mpango wowote: kumzuia mzee mmoja asiende kutazama ukuta.

Niseme kidogo tulivyompata Chotara, huyo mtoto wa ngano na Mjomba, maana watu hudhani tulichanganya mbegu kwenye ndoo. Ndoa ya ngano na gugu haifungwi na upepo. Unachukua suke changa la ngano, unafungua kila ua kwa kibano, unatoa vifuko vya chavua kabla havijapevuka ili lisijizalishe lenyewe, unalivika mfuko wa karatasi. Likiwa tayari unavua mfuko, unalipaka chavua ya Mjomba, unalivika tena. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Kikitokea, ni punje iliyokunjamana, inayokufa ikiwa bado tumboni mwa suke. Lazima uipasue mapema, utoe kiini chake kidogo kuliko chembe ya chumvi, ukilaze kwenye chupa yenye uji wa sukari, ukilee kama mtoto njiti. Nimepoteza viini vingi hivyo hadi nikaacha kuvililia. Na huyo anayepona anakua mrefu, mzuri, lakini tasa kama nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, mpaka umtibu ndipo azae.

Akishazaa unamrudisha kwa ngano. Mtoto wake unamrudisha tena kwa ngano. Na mjukuu vivyo hivyo, ili kila kizazi damu ya Mjomba ipungue na ibaki ile kinga peke yake. Wifi nilipomweleza alishika mdomo.

"Mnamwoza kwa mama yake?"

"Kwa upande wa mama."

"Halafu mjukuu mnampeleka kwa bibi? Wifi, kazi yenu haina hata aibu!"

"Aibu haijawahi kuua kutu, wifi yangu."

Tulicheka sana siku hiyo. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu baadaye hatukuwa na vingi.

Shida ya urithi ni kwamba huwezi kuchagua kama unavyochagua nyanya sokoni. Vitu viwili vikikaa karibu ndani ya mbegu, husafiri pamoja, na ukivuta kimoja kingine kinafuata. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Huyu wangu, kwa jambo moja, alikuwa anatazama kisogo cha Mjomba.

Niliona dalili kwenye mifuko. Tunapovuna masuke ya kizazi tunachokitunza, tunayakata yakiwa bado ndani ya mifuko yake ya karatasi, kisha tunaimwaga mezani. Mwaka ule wa mwisho, mfuko baada ya mfuko, nilimwaga masuke yaliyokwisha kukatika vipande. Punje zote zilikuwepo, kwa sababu mfuko ulizizuia. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Nilichukua vipande nikaviweka chini ya kioo: vilikuwa vimeachia kwenye kiungo, safi, kama vile mtu amevifungua kwa bisibisi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa kituo. Alikuwa mtu wa tai na tabasamu, hapandishi sauti, na kwa mwenye hasira za karibu kama mimi hiyo ni adhabu tosha.

"Chotara anapukutika," nikamwambia. "Amerithi suke la Mjomba. Kinga ya kutu na huo upukutikaji vimekaa pamoja, bado hatujavitenganisha."

"Huenda vibarua waliyashika vibaya masuke."

"Mkuu, mikono haivunji masuke mia mahali pale pale."

"Kwenye kitalu cha kuzalishia mbegu hatukuona upukutikaji."

"Kwenye kitalu tuliyakata mabichi kwa kuogopa ndege, na kuna miti pande zote. Upepo hauingii. Nipe misimu miwili. Nimrudishe kwa ngano mara mbili tena, nitafute ambaye amebaki na kinga bila ile tabia."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Misimu miwili huna. Hata mimi sina. Wafadhili wanakuja mwisho wa msimu huu, na wamesema wazi wanataka kuona shamba la mkulima, si banda la wavu. Na mkulima ninaye. Kaka yako alikuja kuniona."

Nilihisi damu inapanda masikioni. Kaka alikuwa ameniruka. Na wala hawakutaka kipembe cha shamba cha majaribio. Mkuu alitaka shamba zima kwa sababu macho ya wageni hayaoni kipembe. Kaka alitaka shamba zima kwa sababu, alivyosema mwenyewe, kipembe hakimbakishi mtu nyumbani.

Nilimfuata kaka kwake jioni hiyo hiyo, nikamkuta ananoa jembe. Nikamwambia yote, ya mifuko na ya viungo. Alinisikiliza kwa heshima, akauliza swali moja.

"Ikikatwa mapema, inapona?"

Ilibidi niseme kweli. "Ikikatwa mapema sana, kwa mundu, punje ikiwa bado inakubali alama ya ukucha, kisha ukaianika chini ya paa, inapona. Sehemu kubwa."

"Basi nitakata."

"Kaka, si ukiona imekauka. Siku nitakayokwambia mimi."

"Siku utakayoniambia wewe. Naapa kwa kaburi la baba."

Nikaridhika. Kaka yangu hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

Sitaki kusema uongo kwamba msimu ule ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Ulikuwa msimu mzuri kuliko yote niliyoishi, na ndiyo maana nauchukia. Kutu iliingia mapema. Mashamba ya majirani yalianza madoa ngano ikiwa magotini, na ilipofika kiunoni ukipita barabarani uliona upande wa kushoto na wa kulia rangi ya matofali mabovu. Katikati ya uchakavu huo shamba la kaka lilisimama kijani, kijani cha kukera. Watu waliegesha baiskeli wakaja kuligusa. Jirani mmoja alipita ndani na suruali nyeupe makusudi, akatoka nayo nyeupe, akasimama barabarani akiitazama miguu yake.

Kaka alibadilika. Alianza kunyoa ndevu katikati ya wiki. Alipiga simu mjini kumwambia mtoto wake akipangishe chumba cha nyuma. Wifi aliniambia, "Mume wangu anaimba bafuni. Hajui wimbo hata mmoja mpaka mwisho, lakini anaimba."

Kisha masuke yakajaa. Nikawa nakwenda kila baada ya siku chache, nabonyeza punje kwa ukucha. Maziwa. Baadaye, uji mzito. Siku moja ukucha uliacha alama na alama ikabaki. Mabua yalikuwa bado yana kijani kwenye vifundo.

"Kesho," nikamwambia kaka. "Tafuta watu wenye miundu, tuanze kesho asubuhi."

Aliangalia pembeni. "Mkuu wako amepiga simu. Wageni wameahirisha, wanakuja Alhamisi ijayo. Anaomba wakute ngano imesimama."

"Alhamisi ijayo itakuwa imekufa!"

"Wiki moja, mdogo wangu."

"Uliapa, kaka."

"Niliapa, ndiyo. Lakini angalia." Alikata suke moja, akalipikicha kiganjani, akapuliza makapi, akatia punje kwenye magego na kuuma. Haikulia. Ililegea tu. "Hii haijaiva. Baba alitufundisha nini? Punje ikilia ko! kwenye magego, ndipo unavuna. Hii ukivuna sasa wageni watakuta miganda chini ya paa. Watasema ngano ya mzee iko wapi? Miaka yote hii watu wamekuja hapa kunipa pole. Mara hii moja waje kunipa hongera. Wiki moja tu."

Nilimpigia Mkuu simu mbele yake. Nilipaza sauti, nadhani nilitoa na maneno yasiyofaa. Mkuu alinisubiri nimalize, akasema nina uchovu, na kwamba utabiri wa hali ya hewa hauonyeshi mvua. Mvua! Nani alisema mvua? Nikatupa simu kwenye nyasi. Kaka akaiokota, akaifuta kwa shati, akanirudishia kwa mikono miwili kama vile mimi ndiye mkubwa.

"Usinikasirikie," akasema.

Tunayo methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya mkuu asiyesikia la mdogo wake sijapata kuisikia. Huenda waliotunga methali wote walikuwa vifungua mimba.

Alhamisi ikafika. Hema jeupe lilisimikwa ukingoni mwa shamba, viti vya plastiki, meza ya soda yenye kitambaa kirefu, kipaza sauti kilichokuwa kinapiga mluzi. Kaka alivaa koti alilovaa kwenye harusi ya mtoto wake. Mtoto mwenyewe alikuja kutoka mjini na mkewe, akapiga picha shamba, akaniambia, "Shangazi, kumbe kweli." Majirani walisimama nyuma ya viti. Ngano ilikuwa ya dhahabu sasa, imesimama wima hadi mwisho wa macho, na nikiri kwamba na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilijikuta naipenda. Kaka alichukua suke moja asubuhi ile mbele ya kila mtu, akauma punje. Ikalia ko! Akanitazama, akatabasamu. Hakunicheka. Alitaka tu nifurahi.

Mkuu alikuwa katikati ya hotuba upepo ulipoanza. Haukuwa upepo wa kutisha. Ulikuwa upepo wa kawaida wa kukausha nguo kambani. Shamba liliinama mara moja likainuka, na tukasikia sauti, sauti ya mchele unaomiminwa kwenye sinia. Mama mmoja kati ya wageni alitazama juu, akafungua mwavuli.

Upepo ukaja mara ya pili. Sauti ikawa kubwa zaidi.

"Kama mnavyoona," Mkuu alikuwa anasema kwenye kipaza sauti, "hakuna doa hata moja la kutu," na alikuwa anasema kweli.

Kaka alikuwa wa kwanza kuelewa. Alitoka mbio kwenye kiti chake akaingia shambani na koti lake, akanyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe wasivuke. Alipogusa, masuke yalifumuka mikononi mwake. Alipopita, mabua aliyoyasukuma kwa mwili yalibaki matupu, vijiti vya njano bila vichwa. Akasimama ghafla asisogee tena, kwa kuwa kila hatua ilikuwa inamwaga. Alikaa pale katikati mikono juu, na upepo ukapita mara ya tatu, ukamzunguka, ukaendelea na kazi yake.

Mgeni mmoja mwenye kofia pana aliniuliza kwa upole kama hii ni kawaida.

"Kwa Mjomba ndiyo kawaida," nikamjibu. Hakuelewa, na sikumfafanulia.

Wifi alivuta kitambaa cha meza, soda zikaanguka chini, akaenda kukitandaza kwenye udongo chini ya mabua. Nikamfuata. Majirani wakaja, mtoto wa kaka akaja na mkewe, wengine na magunia, wengine na mashati yao. Tulipiga magoti. Lakini ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukavu, na kile kipande cha suke la Mjomba kina ncha kali na manyoya yanayojisukuma. Kikianguka kwenye ufa kinazama chenyewe. Kimeumbwa kwa ajili hiyo. Nilikuwa nimeandika hata makala juu yake. Nilikuwa naokota moja, naona tatu zinazama.

Tulifagia na kupepeta siku zilizofuata. Tulichopata kilikuwa changarawe zaidi ya ngano. Kaka hakunilaumu. Aliniambia neno moja tu, jioni ya siku ya mwisho, akiwa ameshika ungo: "Uliniambia." Laiti angenitukana. Ningejua la kufanya na matusi. Nililia ndani ya basi mpaka kondakta akaniruhusu nikae kiti cha mbele.

Wakahama kabla ya mvua. Aliyekuwa amekipanga chumba cha nyuma akaombwa aondoke. Kaka alibeba begi moja na shoka, shoka la nini mjini sikumuuliza. Mkuu aliandika taarifa kwamba kinga dhidi ya kutu imethibitishwa katika mazingira ya mkulima, na kwamba kuna changamoto ndogo ya uvunaji. Kisha akanipa misimu miwili niliyoomba. Sasa ilipatikana. Nikarudi kwenye kibano changu, nikamrudisha Chotara kwa ngano, na kila nilipofungua ua nilimwona kaka amesimama mikono juu.

Wiki chache baada ya mvua kuanza, nilikuwa kwenye basi naelekea kazini. Nilikuwa nasinzia. Nilipofungua macho tulikuwa tunapita shamba la baba, na lilikuwa la kijani.

Nilimwambia dereva anishushe. Ngano ilikuwa imeota yenyewe, kila mahali, bila jembe wala mbegu, nene kama manyoya ya kondoo. Pande zote mbili miche ya majirani ilikuwa imeshaanza vidoa. Huku ndani nilitafuta nikiwa nimeinama mpaka mgongo ukauma, nikakosa hata kidoa kimoja. Nikakaa chini kwenye unyevu. Nilijua hapo hapo linalotakiwa kufanyika, na nilijua hakuna mwingine aliyejua.

Mkuu hakuniagiza. Mimi ndiye niliyemwambia. Ngano yenye damu ya gugu, inayojipanda yenyewe, haiachwi. Ingepukutika tena, na tena, ingevuka mpaka kwa jirani, na jirani asingeweza kuipalilia kwa sababu mpaka siku ya kupukutika inafanana na ngano yake. Katika miaka michache wangekuwa na gugu ambalo hata kutu haiwezi kuliua. Mkuu alipepesa macho, akasema, "Kaka yako anajua?" Kwa mara ya kwanza nilimwona hana tabasamu.

Kaka alipata habari kabla sijapata ujasiri. Jirani alimpigia. Nilikuwa ukingoni mwa shamba na vibarua wawili wa kituo wenye mabomba ya kupulizia mgongoni, tunachanganya dawa ya kuua magugu, simu ikaita.

"Nimeambiwa shamba ni kijani."

"Ni kijani, kaka."

"Lina kutu?"

"Halina."

"Hata doa?"

"Hata doa."

Nilisikia anapumua. Nyuma yake palikuwa na feni. "Nimeshafunga begi," akasema, maneno yakitoka haraka haraka. "Safari hii nitakata mbichi. Siku utakayosema wewe. Wageni wasije, hata rais asije. Sitauma punje. Ukucha wako ukisema tayari, nakata. Nitakata na mkasi wa nguo wa wifi yako ikibidi."

Vibarua walikuwa wananitazama. Niliwapa mgongo.

"Kaka, haikuota siku moja. Nyingine iko kwenye kifundo cha mguu, nyingine inakaribia goti, nyingine ndiyo kwanza inachungulia. Zitaiva kila moja kwa wakati wake. Ukikata za mbele, za nyuma ni maji; ukisubiri za nyuma, za mbele ziko chini. Hakuna siku utakayoweza kuikata."

Alikuwa mkulima, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwa hiyo uko hapo kufanya nini?" akauliza.

Nikamwambia.

Feni iliendelea kuvuma. Halafu akasema, "Basi msiguse. Nakuja."

Alifika na basi la mchana, yeye na wifi. Wifi alinikumbatia, akakaa juu ya begi kando ya barabara. Kaka alikuwa amevaa viatu vya mjini, amepungua uso. Aliingia shambani, akatembea polepole hadi upande wa pili, akarudi. Alivunja jani moja akalitazama juu na chini. Alilipitisha kwenye suruali yake, akaitazama suruali.

"Ni nzuri," akasema.

"Ni nzuri sana, kaka."

Akamwendea kibarua wa kwanza. "Lete hilo bomba."

"Mzee, sisi tutafanya," kibarua akasema.

"Kaka, tumekuja na watu wa kazi," nikasema na mimi. "Kaa na wifi."

"Shamba hili halijawahi kupuliziwa na mtu mwingine." Aliinamisha bega, akaingiza mikono kwenye mikanda, akaifupisha mpaka bomba likakaa sawasawa. Alijifunga kitambaa mdomoni. Alijaribu mpini mara kadhaa, akatazama upepo unakotoka, akaanza upande ule ili usimrudie usoni.

Hapakuwa na mistari, kwa kuwa hapakuwa na aliyepanda. Akajiwekea mistari yake. Alikwenda na kurudi, hatua za kupimwa, mkono mmoja unapampu, mwingine unapeleka mrija kushoto na kulia karibu na majani, hapotezi tone. Bomba likiisha alirudi, tunamjazia, anakwenda tena. Nilimfuata kwa nyuma muda wote kwa sababu sikujua pengine pa kusimama. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kila nilipofungua mdomo nilikuta kosa lenyewe halina pa kuanzia, na yeye alikuwa na kazi.

Alipofika kona ya mwisho jua lilikuwa bado liko juu. Aligeuka akaliangalia shamba lote. Dawa ile haionyeshi siku hiyo hiyo. Lilikuwa bado kijani, linang'aa kwa unyevu.

"Nimeruka mahali?" akaniuliza.

Nilitazama. Nilitazama kwa makini kabisa, nikitamani kuona pahali.

"Hujaruka, kaka."

Alivua bomba, akalisuuza mara mbili kama inavyotakiwa, akaosha mikono hadi viwikoni. Kisha akamuuliza kibarua basi la mwisho la kwenda mjini linapita saa ngapi.